Samani za Kisasa za Katikati ya Karne ya 20: Asili, Utambuzi na Ununuzi

Samani za kisasa za katikati ya karne ya 20 ni viti, meza, makabati na makochi yaliyosanifiwa takribani kati ya 1945 na 1970, hasa Marekani na nchi za Skandinavia. Mtindo wake unaacha nakshi. Uzuri unatafutwa katika umbo, katika mistari ya mbao na katika viungo vyenyewe. Jina la Kiingereza ambalo wauzaji hulitumia leo lilishika baada ya mwandishi Mmarekani Cara Greenberg kuliweka kwenye kitabu chake cha 1984. Kabla ya hapo nyingi ya samani hizi zilikuwa mtumba wa kawaida. Sasa zina minada yake, wauzaji wake mabingwa na matapeli wake.

Kwa mkusanyaji, samani hizi zinatofautiana na vitu vya kale kwa jambo moja kubwa: ni bidhaa za kiwandani, na nyingi bado zinatengenezwa kihalali na kampuni zilezile au warithi wao. Kiti kilichosanifiwa 1949 kinaweza kuwa kilitoka kiwandani 1952, 1988 au mwaka jana. Vyote vitatu ni halisi, lakini bei zake hazikaribiani. Kulijua jina la msanifu, basi, ni hatua ya kwanza tu. Mnunuzi hulipia ushahidi: nani alikitengeneza kipande hiki, lini, na kimefanyiwa nini tangu siku hiyo. Ushahidi huo kwa kawaida uko chini na nyuma ya samani, mahali ambapo mgeni sebuleni hapaangalii.

Asili ya mtindo

Mizizi yake ni ya kabla ya Vita Kuu ya Pili. Shule ya Bauhaus nchini Ujerumani (1919–1933) ilikwisha kuonyesha kwamba bomba la chuma na mashine vinaweza kutoa kiti chenye heshima. Nchini Finland, Alvar Aalto alisanifu 1933 stuli ya miguu mitatu ya mbao zilizopindwa, ambayo kampuni ya Artek inaitengeneza mpaka leo. Vita ndivyo vilivyoharakisha mambo. Viwanda vilijifunza kupinda plaiwudi, kutumia gundi zisizoogopa maji na kumimina faibaglasi. Vita vilipokwisha, mamilioni ya familia zilihitaji nyumba ndogo na samani nyepesi za bei nafuu.

Mfano wa wazi ni Charles na Ray Eames, mume na mke waliokuwa wakifanya kazi California. Mwaka 1942 walianza kutengenezea Jeshi la Wanamaji la Marekani gango za plaiwudi za kushikilia miguu iliyovunjika, zilizopindwa kufuata umbo la paja na shavu la mguu. Takribani 150,000 zilitengenezwa. Ujuzi huohuo ukazaa viti vyao vya plaiwudi vya 1945 na 1946. Mwaka 1948 waliingia katika shindano la samani za bei nafuu lililoandaliwa na Jumba la Sanaa za Kisasa la New York, na kutokana na shindano hilo kikapatikana kiti cha ganda moja la faibaglasi, kilichoanza kuuzwa 1950.

Denmark ilipita njia nyingine. Kaare Klint alianzisha 1924 masomo ya samani katika Chuo cha Kifalme cha Sanaa cha Copenhagen, akawafundisha wanafunzi wake kupima mwili wa binadamu na vitu vya nyumbani kabla ya kushika penseli. Kuanzia 1927 hadi 1966 chama cha mafundi seremala wa mji huo kilifanya maonyesho kila mwaka, na humo wasanifu vijana waliunganishwa na mafundi wazoefu. Klint hakuona aibu kuanzia kwenye kitu kilichokwisha kuwapo. Kiti chake cha 1933 kiitwacho Safari kilitokana na viti vya kubeba vya maofisa wa Uingereza nchini India, ambavyo wawindaji na wasafiri walivitumia pia katika kambi za Afrika Mashariki. Hufungwa na kufunguliwa bila kifaa chochote, na mikanda ya ngozi ndiyo inayoshikilia fremu.

Mtindo huu ulikuwa na nia ya kijamii pia. Børge Mogensen aliongoza kitengo cha samani cha muungano wa ushirika wa Denmark, FDB, na kiti chake cha J39 cha 1947 kilikusudiwa mfanyakazi wa kawaida. Hapo ndipo penye kinaya kinachomkabili kila mkusanyaji: vitu vilivyobuniwa ili kila mtu avimudu vimegeuka kuwa bidhaa za mnada.

Matawi makuu

Nchini Marekani, kampuni mbili zilitawala. Herman Miller ya Michigan iliuza kazi za Eames na George Nelson, na meza ya kioo ya Isamu Noguchi. Knoll, iliyoanzishwa 1938, iliuza viti vya nyaya vya Harry Bertoia vya 1952, pamoja na meza na viti vya mguu mmoja vya Eero Saarinen vya 1957. Tangu 2021 kampuni hizo mbili zimeungana.

Nchini Denmark, jina linalotajwa zaidi ni Hans J. Wegner (1914–2007), aliyesanifu zaidi ya viti 500. Kiti chake cha mviringo cha 1949 kilitengenezwa na fundi Johannes Hansen, na kilitumiwa na John F. Kennedy na Richard Nixon katika mdahalo wao wa kwanza wa televisheni, Chicago, Septemba 26, 1960. Arne Jacobsen alisanifia kampuni ya Fritz Hansen kiti cha Sisimizi (1952), kiti cha Namba 7 (1955), na viti vya Yai na Batamaji (1958) kwa ajili ya hoteli ya shirika la ndege la SAS mjini Copenhagen.

Finn Juhl, ambaye viti vyake vinakaribia sanaa ya uchongaji, alisanifu ukumbi wa Baraza la Udhamini katika makao makuu ya Umoja wa Mataifa, New York, uliogharimiwa na Denmark kama zawadi. Baraza hilo ndilo lililosimamia Tanganyika na Ruanda-Urundi, na ndilo Julius Nyerere alilolihutubia Machi 1955 akiwa rais wa TANU. Suala la uhuru wa Tanganyika, kwa maneno mengine, lilisikilizwa katikati ya samani za Kidenmaki za mtindo huu, zikiwa bado mpya.

Uingereza ilikuwa na Ercol na G-Plan, zote za mji wa High Wycombe. Ercol ilipata 1944 zabuni ya serikali ya viti 100,000 vya jikoni vya bei nafuu, ikajenga jina juu ya kazi hiyo. G-Plan ilianza 1953. Italia ilimtoa Gio Ponti, ambaye kiti chake cha Superleggera cha 1957, kilichotengenezwa na Cassina, kina uzito wa kilo 1.7 tu. Ufaransa ina Jean Prouvé na Charlotte Perriand, na Brazili ina Sergio Rodrigues. Huko India, Pierre Jeanneret alisanifia ofisi za mji mpya wa Chandigarh viti vya mtiki na henzirani vilivyotengenezwa na mafundi wa hapohapo.

Mbao na vifaa

Mtiki ndio mti wa enzi hiyo. Ni mti uleule unaopandwa leo Longuza na Mtibwa nchini Tanzania, lakini viwanda vya Denmark viliupata kutoka Asia ya Kusini-Mashariki. Una mafuta ya asili yanayoufanya usiogope maji, na una silika inayomaliza makali ya misumeno haraka. Kampuni ya France & Daverkosen ilifanikiwa kuuchakata kwa wingi ilipoanza kutumia misumeno yenye meno ya kabaidi, ikasafirisha samani zake zikiwa vipande ili kupunguza gharama ya meli. Baada ya 1957 kampuni hiyo ilibadili jina kuwa France & Søn, kwa hiyo kibati cha jina kilichopigiliwa kwenye fremu humwambia mnunuzi kipande ni cha kabla au baada ya mwaka huo.

Mbao nyingine ni mwaloni na walnati, na kwa kazi za fahari, rozwudi ya Brazili, yenye mistari myeusi juu ya rangi ya kahawia nyekundu. Mnunuzi afahamu kwamba si kila kipande ni mbao ngumu tupu. Makabati marefu ya sebuleni, hata yale ya wasanifu wakubwa, kwa kawaida ni ubao wa ndani uliobandikwa ganda jembamba la mti wa thamani, mara nyingi chini ya milimita 1. Hilo si udanganyifu: ganda huruhusu mistari ya mbao ifuatane kutoka mlango mmoja hadi mwingine, na ubao wa ndani haupindi kwa unyevu kama mbao pana. Kingo, vishikio na miguu ndivyo vinavyotakiwa kuwa mbao ngumu.

Kusoma upande wa chini

Ukaguzi huanza kwa kupindua. Kiti hulazwa juu ya blanketi, kabati huvutwa kutoka ukutani, droo hutolewa zote. Vinatafutwa vitu vitatu: alama, namna ya kuunga, na dalili za umri.

Alama ni za aina nyingi. Mafundi wa Copenhagen walichoma jina lao kwenye mbao kwa chuma cha moto. Viwanda vilitumia vibati, stika au mihuri ya wino. Samani nyingi za Denmark za kuanzia 1959 zina alama ya chombo cha udhibiti wa ubora cha watengenezaji wa nchi hiyo. Hiyo huthibitisha nchi na kiwango, lakini haimtaji msanifu, na wauzaji wengi huitumia kana kwamba inamtaja. Alama pekee haitoshi kwa sababu stika huhamishwa na mihuri hughushiwa. Kukosekana kwake pia si hukumu, maana stika za karatasi hubanduka zenyewe baada ya miaka 60.

Namna ya kuunga ni ngumu zaidi kughushi. Kiti cha mviringo cha Wegner ni somo zuri. Katika toleo la kwanza la 1949, sehemu ya mgongo ilizungushiwa henzirani, kwa sababu Wegner hakuridhika na jinsi maungio ya vipande vya mbao yalivyoonekana. Muda mfupi baadaye akabadili fikra: badala ya kuyaficha, aliyachonga yawe meno ya zigizaga yanayoonekana waziwazi, pale mgongo unapokutana na mkono wa kiti. Anayepitisha kidole juu ya meno hayo katika kiti halisi hasikii mpando wala mwanya. Katika nakala ya bei rahisi, ukucha hunasa kwenye gundi, au meno yenyewe yamechorwa tu juu ya mbao. Muhuri wa Johannes Hansen ukionekana chini ya fremu, kiti ni cha karakana ya kwanza. Muhuri wa PP Møbler humaanisha karakana iliyoipokea kazi hiyo baadaye na inayoiendeleza kwa idhini. Cha pili ni kiti bora vilevile kwa kukalia, ila hakilipiwi bei ya cha kwanza.

Kiti cha faibaglasi cha Eames husomwa kwa njia nyingine. Maganda ya mwanzo kabisa yalimiminwa na kampuni ya Zenith Plastics na yana kamba iliyozamishwa pembezoni kuimarisha ukingo. Nyuzi za faibaglasi huonekana wazi ganda likinyanyuliwa mbele ya dirisha, kwani mwanga hupenya. Chini kuna vipande vinne vya mpira vinavyounganisha ganda na miguu. Vile vya mwanzo ni vipana kuliko vya baadaye. Ganda lisilo na nyuzi, lenye rangi moja iliyolala, ni la plastiki. Hilo nalo halimaanishi feki, kwa kuwa Herman Miller iliacha faibaglasi kwa sababu za kimazingira, ikatumia polipropilini kuanzia 2001, kisha 2013 ikarudisha faibaglasi ya kutengenezwa kwa njia mpya. Lakini mtu akiambiwa ganda la polipropilini ni la 1955, anadanganywa.

Kiti cha kupumzikia cha Eames cha 1956 ndicho kinachonakiliwa kuliko vyote, na kina alama zake. Kitako cha kiti kina miguu mitano. Stuli yake ya kuwekea miguu ina minne. Maganda ya plaiwudi hayaonyeshi skurubu kwa nje. Mwinamo wake haubadiliki: hakuna wenzo wa kukilaza nyuma. Nakala nyingi zina bolti zinazoonekana mgongoni, au stuli ya miguu mitano kama kiti chenyewe. Matoleo ya mwanzo yalijazwa manyoya, na mikono yake ilifungwa kwa skurubu tatu badala ya mbili za baadaye.

Dalili za umri hukamilisha picha. Mbao iliyokaa miaka 60 haichakai sawasawa: mikono ya kiti hung'aa pale viganja vilipopita, miguu huchubuka kwa chini, na sehemu iliyofunikwa na mto huwa na rangi tofauti na iliyopigwa na jua. Kiti kilichochakaa kote kwa kiasi kilekile, hata chini ya mto, kimechakazwa kwa makusudi.

Kupima hali

Samani za zamani zote zina makovu. Kazi ya mnunuzi ni kutenganisha yanayotibika na yasiyotibika. Kitambaa kilichochanika, vanishi iliyokwaruzika, kamba ya kitako iliyolegea na kiungo kilichoachia gundi ni kazi za fundi. Kiti cha Y cha Wegner, kwa mfano, hufumwa kwa takribani mita 120 za kamba ya karatasi iliyosokotwa, na kukifuma upya ni jambo la kawaida ambalo halishushi heshima yake. Sponji za zamani huoza na kuwa unga, na mikanda ya mpira iliyo chini ya mito hukauka ikakatika. Gharama ya kuvibadilisha ijumlishwe kwenye bei kabla ya kukubaliana, kwa sababu kufunika kochi upya kunaweza kuzidi bei ya kochi lenyewe.

Uharibifu mzito uko kwingine. Ganda la mbao lililopigwa msasa hadi ubao wa ndani ukaonekana halirudi; huonekana kama doa lisilo na mistari, hasa kwenye kingo za meza. Mguu uliovunjika penye ulimi wa kiungo unaweza kuungwa, lakini thamani hupungua. Katika viti vya Eames, mpira uliogundishwa kwenye ganda hukauka na kubanduka, na kuna mafundi wanaotoboa ganda na kupitisha bolti ili kuokoa muda. Tobo hilo ni la kudumu, na katika kiti cha kupumzikia linaweza kukata bei sana. Mnunuzi achungulie pia vitundu vidogo vyenye unga mpya, maana vitundu vitupu ni historia, lakini unga mpya ni bungua walio hai.

Kanuni inayofuatwa na wakusanyaji ni kwamba ukarabati uwe mdogo, na uweze kuondolewa. Kabati la mtiki lililosafishwa na kupakwa mafuta hupendwa kuliko lililokwanguliwa lote na kupigwa vanishi nzito inayong'aa, hata kama la pili linaonekana jipya machoni pa asiyejua.

Nakala, feki na sheria

Bidhaa za soko hili ni za makundi manne. La kwanza ni kipande cha zamani kutoka kwa mtengenezaji wa awali. La pili ni kipande kipya cha mwenye leseni. Kwa Eames, kwa mfano, ni Herman Miller kwa Marekani na Vitra kwa Ulaya na Mashariki ya Kati. La tatu ni nakala isiyo na leseni inayouzwa wazi kama nakala. La nne ni feki, yaani nakala inayouzwa kama halisi. Ugomvi mwingi hutokea pale kundi la tatu linapouzwa mara ya pili, kwa sababu mmiliki mpya hana habari, au anajifanya hana.

Nakala nazo zina umri. Picha maarufu ya mwanamitindo Christine Keeler iliyopigwa na Lewis Morley jijini London mwaka 1963, iliyokitangaza duniani kiti cha Namba 7 cha Jacobsen, haina kiti hicho hata kidogo. Ni nakala, na inatambulika kwa tundu la mkono lililokatwa kwenye mgongo, ambalo kiti halisi hakina. Kiti kilichotumika sasa kipo Jumba la Makumbusho la Victoria and Albert. Kwa hiyo kiti kuwa cha 1963 hakukifanyi kuwa halisi.

Sheria hutofautiana kwa nchi. Uingereza, hadi 2016, iliruhusu sanaa ya matumizi inakiliwe miaka 25 baada ya kuanza kuuzwa. Kifungu hicho kilifutwa Julai mwaka huo, na sasa hakimiliki hudumu miaka 70 baada ya kifo cha msanifu. Oktoba 2024 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua, katika kesi iliyohusu kiti cha Eames, kwamba nchi mwanachama haiwezi kumnyima msanifu wa Marekani ulinzi kwa hoja kwamba nchi yake haitoi ulinzi wa aina hiyo. Anayeingiza nakala katika nchi hizo kwa ajili ya biashara anaweza kunyang'anywa mzigo.

Kuna sheria ya moto pia. Nchini Uingereza, mfanyabiashara haruhusiwi kuuza kochi lenye sponji lisilokidhi kanuni za 1988, isipokuwa lililotengenezwa kabla ya 1950. Karibu samani zote laini za kipindi hiki ziko upande wa pili wa mpaka huo, ndiyo maana wauzaji waaminifu huuza makochi yakiwa na sponji mpya na lebo mpya, au huuza fremu tupu.

Mbao zinazolindwa na mali yenye utata

Rozwudi ya Brazili, kwa jina la kisayansi Dalbergia nigra, ni ndugu wa mpingo wetu, Dalbergia melanoxylon. Mwaka 1992 iliwekwa kwenye Orodha ya Kwanza ya CITES, mkataba wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini kutoweka, na biashara yake ya kimataifa ikapigwa marufuku. Kiti cha rozwudi hiyo cha miaka ya 1960 kinaweza kuvuka mpaka tu kikiwa na cheti kinachothibitisha kwamba mbao yake ilipatikana kabla ya katazo. Tangu Januari 2017 jamii yote ya Dalbergia, mpingo ukiwamo, iko walau kwenye Orodha ya Pili, inayodai vibali. Mnunuzi wa nchi nyingine anayelipa kabla ya kuuliza cheti anaweza kuishia na kiti ambacho hawezi kukitoa ghalani kwa muuzaji.

Asili ya mali nayo huulizwa. Viti vya Chandigarh vilikuwa vya ofisi, mahakama na chuo kikuu. Vilipochakaa vilirundikwa na kuuzwa kwa mnada kama vitu chakavu na kuni, kisha wafanyabiashara wa Ulaya wakavinunua, wakavikarabati na kuviuza kwa maelfu ya dola kila kimoja. Mwaka 2011 serikali ya India ilitoa amri ya kuzuia urithi huo usiendelee kuuzwa. Namba za ofisi zilizoandikwa kwa rangi mgongoni mwa viti hivyo zamani zilionekana uchafu. Sasa ndizo uthibitisho unaotafutwa, na kwa hiyo ndizo zinazoghushiwa.

Bara letu lina kisa chake. Nyumba za chuma ambazo Jean Prouvé alizisanifia makoloni ya Ufaransa zilijengwa Niamey mwaka 1949 na Brazzaville 1951. Mfanyabiashara kutoka Paris alizifungua na kuzisafirisha Ulaya, na moja ikauzwa mnadani New York mwaka 2007 kwa karibu dola milioni 5. Waliozitoa wanasema ziliokolewa zisioze. Wanaowapinga wanauliza kwa nini faida yote ilibaki kaskazini. Hoja hiyo haijaisha, na inagusa kila kipande kilichotoka kwenye jengo la umma.

Soko na bei

Bei hupangwa na mambo matano: msanifu, mtengenezaji, mwaka, hali na historia ya umiliki. Moja likikosekana, mengine hayawezi kulifidia kabisa. Juu ya ngazi kuna vipande vya pekee: meza ya mwaloni na kioo ya Carlo Mollino, iliyotengenezwa 1949 kwa nyumba moja ya Torino, iliuzwa New York mwaka 2005 kwa dola milioni 3.8. Chini kabisa kuna maelfu ya viti vya mtiki visivyojulikana msanifu, vyenye ubora uleule wa useremala, vinavyouzwa kwa bei ya kiti kipya cha dukani.

Njia kuu za kununua ni tatu. Nyumba za mnada, kama Bruun Rasmussen ya Copenhagen, Wright ya Chicago na Phillips ya London, hutoa maelezo ya maandishi na ripoti ya hali, na orodha zao za bei za miaka iliyopita ni shule kwa anayeanza. Juu ya bei ya nyundo huongezwa kamisheni ya mnunuzi, mara nyingi robo yake au zaidi, pamoja na kodi na usafirishaji. Muuzaji bingwa hutoza zaidi, lakini hukagua, hukarabati na hupokea lawama. Mnunuzi adai risiti inayotaja msanifu, mtengenezaji na kipindi, kwani risiti isemayo tu "mtindo wa Wegner" haimfungi kwa lolote. Njia ya tatu ni masoko ya mitumba, mauzo ya mali za marehemu na matangazo ya watu binafsi. Huko bei ni ndogo, ila mnunuzi hana wa kumlaumu isipokuwa macho yake. Watengenezaji wenyewe wameanza kuingia: Artek hununua stuli zake kuukuu na kuziuza tena na mikwaruzo yake.

Anayenunua kwa mbali adai picha za chini, za nyuma, za viungo na za kila alama, pamoja na vipimo. Vipimo hufichua mengi, kwa kuwa nakala nyingi hupunguzwa sentimita chache ili kuokoa mbao au kuingia kwenye boksi.

Utunzaji

Mtiki uliomalizwa kwa mafuta hufutwa vumbi kwa kitambaa kikavu na kupakwa mafuta kidogo mara chache kwa mwaka. Dawa za kupuliza zenye silikoni huacha utando unaozuia ukarabati wa baadaye. Jua la moja kwa moja hubadili rangi ya mbao na kukausha ngozi. Katika miji ya pwani yenye unyevu, samani za ganda zisigusane na ukuta wenye maji wala kuwekwa mbele ya upepo wa kiyoyozi, kwa sababu mbao zinazovimba na kusinyaa kila siku huachia gundi. Kila ukarabati uandikwe tarehe na jina la fundi, na vipande vilivyotolewa, hata skurubu, vihifadhiwe kwenye bahasha.

Anayeanza na fedha ndogo hahitaji majina makubwa. Makabati ya mtiki ya viwanda vya kawaida vya Denmark, viti vya Ercol na meza za G-Plan vilitengenezwa kwa wingi, vina vipuri na mafundi wanaovijua, na mtu akikosea hasara yake inavumilika. Kwa bei ya kiti kimoja chenye jina anaweza kupindua, kutumia na kukarabati vipande vitano, na baada ya hapo atakuwa ameshajua kusoma upande wa chini kiasi cha kutosha kukilipia kile chenye jina.